Mgeni wa Chini ya Meza ya Kukatia

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na sijawahi kuona mtu anayeogopa neno "sijui" kama yeye. Mpelekee kitambaa cha mita mbili, mwambie unataka gauni la mita tatu. Atakitazama kitambaa, atakutazama wewe, atakupima bila huruma, halafu atasema, "Njoo Ijumaa." Ijumaa utalikuta gauni limening'inia ukutani. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimekaa naye miaka tisa katika nyumba ya vyumba vitatu: kimoja chake, kimoja changu, na kile cha mbele ndicho karakana, chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu cha wateja, na marundo ya sare za shule yasiyopungua mwaka mzima. Kwa hiyo nikimsema, nasema ninachokijua.

Kazi yake ya pili ni kulea mbwa wasio wake. Upande wa pili wa mji kuna kituo kinachookoa mbwa waliotelekezwa. Kikishawatibu, kinawagawa kwa walezi wa muda kama shangazi, wakae nao wiki kadhaa wapate nyama mwilini na adabu kichwani, mpaka apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Mlezi anapewa mbwa mmoja kwa wakati mmoja, basi. Shangazi alikuwa amepitisha kumi na mmoja, na wote walipata kwao. Jirani yetu humtania kwamba wenzake wanalea wajukuu, yeye analea mikia. Humjibu kwamba angalau mkia haujui kusema uongo.

Wote huwaita Mgeni. Anasema jina ni haki ya atakayeishi na mbwa, na yeye hapendi kumvalisha mtu nguo ambayo mwenyewe hajaichagua.

Mgeni wa kumi na mbili aliletwa Jumanne moja na mama wa kituo, yaani yule mama anayekisimamia, akiwa ndani ya sanduku la waya lililofunikwa shuka. Habari zake zilikuwa fupi na mbaya. Wapangaji wa nyumba fulani walihama wakamfungia chumba cha nyuma. Majirani hawakusikia kitu, wakajua nyumba ni tupu. Alipokuja mwenye nyumba kupaka rangi, ndipo alipomkuta. Alikuwa ameponea maji ya bomba lililokuwa likivuja. Baada ya matibabu, familia moja ilimchukua, na wiki mbili baadaye wakamrudisha wakisema hashikiki.

"Sheria yetu unaijua," mama wa kituo alisema. "Akirudishwa mara ya pili hatumpi mtu tena. Atakaa kibanda cha nyuma maisha yake yote."

"Yule aliyefungiwa chumba cha nyuma, mnataka kumfungia kibanda cha nyuma?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo maana nimemleta kwako, dada."

"Basi umeshamleta. Wiki nane zinanitosha."

Mimi nilichungulia ndani ya lile sanduku na sikuona cha kutosheleza wiki nane wala nane nyingine. Mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni. Upele umemla mgongo mzima, kucha zimejikunja kama ndoano, na macho hayakutaki. Sanduku lilipofunguliwa alipita katikati yetu, akaingia chini ya meza ya kukatia, nyuma ya marobota ya vitambaa, na hapo ndipo alipohamia.

Daktari wa wanyama alikuwa ameagiza ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Maagizo mazuri, ila mwenyewe hakutaka kula hata mara moja. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili mimi nikajitia mtaalamu, nikalala kifudifudi sakafuni na kuanza kumbembeleza kwa sauti ya mtu anayeuza sabuni: njoo baba, njoo mzuri. Akajikojolea.

"Acha kumtongoza," shangazi alisema. "Ukimtazama hivyo anajua una shida naye. Ondoka hapo."

Akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani yake ya umeme akiipa meza mgongo, akaanza kushona marinda ya sketi za shule. Huku akishona, alichukua kipande cha ini lililochemshwa na kukirusha nyuma juu ya bega, kama mtu anayetupa kipande cha uzi. Hakugeuka. Kioo cha wateja kilikuwa mbele yake, na ndani ya kioo aliiona pua ikitokeza, ikanusa, ikalibeba lile ini. Alishona rinda la pili, akarusha kipande cha pili. Alipositisha cherehani ageuze kitambaa, taya zilisimama. Alipokanyaga tena, zikaendelea.

"Umeona?" aliniambia bila kugeuza shingo. "Anakula nikishona."

Nikaona, na nikakubali kwamba ana akili. Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kanuni ya nyumba: bakuli likiwekwa chini, cherehani inaunguruma. Mara tano kwa siku, tena shangazi alikuwa na oda za sare za shule mbili, kwa hiyo hakuna aliyeona tabu. Hata Jumapili, ambayo hashoni, alikuwa akikaa na kupitisha kipande cha kaniki kisicho na kazi, kwenda na kurudi, mpaka bakuli liwe jeupe. Laiti mmoja wetu angejiuliza swali moja dogo wakati ule, lakini mambo yanapokwenda vizuri nani anajiuliza?

Na yalikuwa yanakwenda vizuri. Wiki ya pili alianza kutoka chini ya meza, ila shangazi akiinuka tu anarudi mbio. Shangazi alimchunguza siku mbili, kisha akaivua tepu ya kupimia aliyoitundika shingoni tangu nikiwa mtoto, akaitia mfukoni. Mbwa hakukimbia tena. Kumbe siku zote alikuwa akiona mkanda unaning'inia, na kila mkanda aliokutana nao maishani ulikuwa wa kumchapa au wa kumfunga. Shangazi alihuzunika nusu saa nzima, halafu akashona mfuko mpya wa tepu kwenye aproni yake, yaani nilishona mimi, yeye akatoa amri.

Wiki ya tatu tulimwogesha kwa dawa, ndani ya beseni la kufulia, sote watatu tukitoka tumelowa. Wiki ya nne upele ulikauka na manyoya yakaota, ya rangi ya udongo, laini kama ya kifaranga. Shangazi alimzoesha kamba ya kutembezea kwa kuzunguka naye meza kwanza, kisha ua, kisha mtaa, akisimama kila linapopita lori na kusubiri mpaka mkia utoke katikati ya miguu. Kilo zikapanda kutoka tisa hadi kumi na nne. Na wiki ya tano, katikati ya kuweka zipu kwenye gauni la bibi harusi, mbwa alitembea mwenyewe mpaka kwenye kiti, akajilaza, akaweka kidevu juu ya mguu wa shangazi ule usiokanyaga cherehani. Bibi harusi alikuwa amesimama hapo anasubiri gauni lake.

"Rudi kesho, mwanangu," shangazi alimwambia. "Leo nina kazi." Na alikuwa anatoa machozi waziwazi, fundi mzima.

Walipojitokeza watu wa kumchukua, walikuwa wawili. Wa kwanza ni familia yenye watoto wanne, nyumba ya makelele, redio haizimwi, mlango haufungwi. Wa pili ni fundi saa aliyefiwa na mkewe, anayetengenezea saa nyumbani kwake peke yake, mtu mpole mwenye maneno ya kuhesabu. Mimi nilisimama upande wa familia. Niliona watoto watamchangamsha.

"Watoto wanne!" shangazi alisema. "Mbwa ameteseka vile, halafu umtupe sokoni? Huyu anataka utulivu. Fundi saa, hakuna mjadala."

Hapakuwa na mjadala, na ile familia ikapewa mbwa mwingine kutoka kituoni. Fundi saa alikuja mara tatu. Alifanya kila alichoambiwa: alikaa akiwa amegeuza mgongo, hakunyoosha mkono, hakumtazama. Mara ya tatu mbwa akamnusa kiganja na kukubali kukwaruzwa sikio. Yule mzee akatazama saa yake.

"Robo saa," alisema. "Alitumia robo saa kunifikia. Nitamwita Robo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote. Jumapili nikawapakia kwenye kigari changu, mzee mbele na Robo nyuma, kwa siku saba za majaribio. Siku saba zikipita salama, karatasi inasainiwa na mbwa ana kwake. Zisipopita salama, hesabu ni mara ya pili, na kibanda cha nyuma kinamsubiri. Shangazi alisimama mlangoni akapunga mkono, kisha akaingia ndani kumaliza kola zake akipiga mluzi. Alikuwa na hakika kama mtu aliyeshika risiti.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa fundi saa.

"Hajala," alisema.

"Tangu jana?"

"Tangu Jumapili."

Shangazi hakupoteza muda wa kushangaa. Alinionyesha kwa kidole cherehani ndogo, ile ya mkono ya kuzungusha gurudumu, tukaibeba mpaka kwenye gari. Njiani aliniambia nisiwe na wasiwasi, ni mambo ya ugeni tu, atayamaliza kwa kushona pindo moja.

Nyumba ya fundi saa ilikuwa safi na kimya, kimya cha kukufanya umeze mate kwa aibu. Anatengeneza saa za mkononi, na ili azisikie vizuri sikioni alikuwa amezihamishia saa zote za ukutani jikoni na kufunga mlango. Madirisha yalikuwa na mapazia mazito. Mezani palikuwa na taa, vibisibisi vyembamba kama sindano, na kile kioo kidogo cha kubana jichoni. Robo alikuwa pembeni nyuma ya mlango, amejikunja vilevile alivyojikunja siku aliyoletwa kwetu, na bakuli limejaa mbele yake. Alipotuona alitikisa mkia mara mbili, lakini hakuinuka.

Shangazi aliweka cherehani kwenye meza ya chakula, akaketi, akampa mgongo, akaanza kuzungusha gurudumu. Ilianza kukereza. Hazikupita dakika mbili Robo akainuka, akaenda kwenye bakuli, akala kama mtu aliyekombolewa.

"Si nilikwambia?" shangazi alinigeukia, uso umemchanua.

Katika kunigeukia, mkono ulisita. Cherehani ikanyamaza. Robo akanyamaza naye, kichwa juu, chakula kimemjaa mdomoni, anasikiliza. Shangazi akazungusha tena, Robo akatafuna. Akaacha, naye akaacha. Ilitokea mara tatu. Mara ya tatu shangazi aliondoa mkono kwenye gurudumu na kuuweka mapajani.

"Nimekosea," alisema.

Miaka tisa, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hata fundi saa, asiyemjua vizuri, aliketi.

"Alifungiwa katika nyumba iliyohamwa," shangazi alisema polepole, kama anayesoma vipimo vya mtu. "Kwake kimya si utulivu. Kimya maana yake watu wameondoka na hawarudi. Cherehani ikilia anajua mtu yupo, ameketi, ana kazi, haendi popote. Ndiyo maana anakula. Na mimi mjinga nimemchagulia nyumba iliyo kimya kuliko zote mjini. Nimemfundisha cherehani, sikumfundisha mtu."

"Nilimwashia redio," fundi saa alisema.

"Ikawaje?"

"Aliitazama. Akajua hamna mtu ndani."

Shangazi alitaka kumwachia ile cherehani awe anaizungusha kila Robo akila. Mzee akatikisa kichwa. Mikono yake yote miwili, alisema, iko kwenye saa kutwa nzima, na hata hivyo mbwa angekuwa bado anaisubiri cherehani, si yeye. Alisema kweli. Shangazi akasema basi bora arudi naye leoleo, kabla mbavu hazijaanza kuonekana upya.

"Niachie mpaka Jumamosi," fundi saa alisema.

"Na asipokula?"

"Utamchukua. Daktari alisema akila leo, mpaka Jumamosi hafi."

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa ndefu. Fundi saa hakupiga simu, na shangazi alikataa kumpigia. Alishona mkono wa kulia upande wa kushoto kwenye mashati matatu mfululizo, akayafumua, akashona tena vilevile. Ijumaa mchana alisimama akatazama chini ya meza ya kukatia, palipokuwa patupu, akaniambia ameamua.

"Akirudi, hatoki tena, hata kwenda kibandani kwao. Namchukua mimi."

"Halafu ulezi?"

"Naacha. Mbwa mmoja kwa wakati mmoja, si ndiyo sheria yao? Basi huyo mmoja atakuwa yeye."

Niliwaza wale watakaookolewa mwezi ujao na mwaka ujao, wasiokuwa na pa kulala nyuma ya marobota. Yeye pia aliwawaza, maana alinikasirikia mimi ambaye sikusema kitu.

Jumamosi aliamka akavaa gauni lake la kutokea. Alichukua kamba ya kutembezea, shuka la kutandika kwenye kiti cha nyuma, na vipande vya ini kwenye kikopo. Aliniambia tunakwenda kuangalia hali. Sijawahi kuona mtu akienda kuangalia hali na shuka.

Nilizima injini kwenye kona kama shangazi alivyoniamuru, kigari kikateleza mpaka mbele ya nyumba ya fundi saa. Pazia lilikuwa limefunguliwa na dirisha liko wazi, na kabla hatujafika mlangoni tulisikia sauti ya mtu. Ilikuwa imekwaruza, sauti ya mtu aliyesema siku mbili bila kupumzika. Shangazi alinishika mkono tukasimama ukutani.

"...sasa hii hapa ni springi," fundi saa alikuwa akisema. "Imechoka. Mwenye saa anaapa haijawahi kuanguka. Mwongo. Tazama ubavuni ilivyobonyea. Usinitazame mimi, kula. Sasa natoa kifuniko. Nimetoa. Kiko wapi? Kiko hapa. Sasa natafuta skrubu, ndogo, mbaya, zinapenda kuruka. Imeruka. Usiile, Robo, hiyo si yako."

Tulisikia bakuli la bati likikwangua sakafu, likisukumwa na ulimi kutoka upande hadi upande. Halikusita. Hata mzee aliponyamaza kidogo, nadhani akiinama kutafuta skrubu, liliendelea kukwangua.

"Unatafuna kwa kelele wewe," alisema tena kutoka chini. "Marehemu mke wangu angekufukuza mezani. Alikuwa hapendi kelele." Akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Naongopa. Alikuwa anapenda. Alikuwa anaongea kutwa. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia anyamaze nisikie saa."

Bakuli likaendelea kukwangua sakafu.

Shangazi hakubisha hodi. Alirudi garini akitembea juu ya vidole vyake vya miguu, na mimi nyuma yake. Aliweka shuka kwenye kiti cha nyuma, akaweka kamba juu yake, akafunga mlango polepole mpaka ukashika bila mlio.

"Nilikuja kumchukua," alininong'oneza.

"Najua, shangazi."

"Nilitaka ashindwe. Usiku kucha nilikuwa naomba asile. Mtu gani mimi?" Akajifuta uso kwa kiganja. Nilitoa ufunguo niwashe gari, akanidaka mkono.

"Usiwashe! Analijua gari lako mlio. Akilisikia ataacha chakula aje dirishani, na akiniona mimi kazi yote ya yule mzee imekwenda na maji. Sukuma."

"Nisukume gari?"

"Tusukume. Mpaka kona."

Nililitoa kwenye gia, nikashika usukani kwa mkono mmoja kupitia dirishani, na shangazi yangu, ndani ya gauni lake la kutokea, akaenda nyuma, akaegemeza mabega yote mawili na kusukuma. Kigari kikaanza kwenda. Mpita njia mmoja alitukuta katikati ya barabara akauliza limeharibika nini.

"Halina ubaya wowote," shangazi alimjibu huku machozi yakimdondoka kwenye buti la gari. "Shika hapo, usukume, na usiongee."